Barua kwa mwanangu: kalamu ya tete inayodondosha wino

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Tabora. Umeniandikia kwamba kalamu uliyochonga inagoma katikati ya neno, kisha ukiikandamiza inamwaga tone zima. Mkono wako hauna neno. Kosa liko kwenye mpasuo, ule ufa mwembamba wa nchani unaoshusha wino.

Nimekufungia matete kumi, yatakuja na treni. Ni ya kandokando ya Luiche, yaliyokauka yakiwa yamesimama. Chagua lenye unene wa penseli au kuzidi kidogo, milimita 8 hadi 10, lenye ganda nene. Ukucha ukizama kwenye ganda, hilo ni changa. Ncha yake italainika kwa wino kabla hujamaliza ukurasa. Kata urefu wa shubiri. Ukipata mwanzi mkavu huko ni bora zaidi kwa ugumu, ila utakumalizia nyembe. (Neno kalamu lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao asili yake kwa Wagiriki, ambako maana yake ilikuwa tete basi.)

Mkato wa kwanza uwe wa mshazari, mrefu kama sentimita 3. Ndani utakuta kiini cheupe, laini. Kikwangue chote mpaka kisu kifike penye ugumu, kwa sababu kiini hunywa wino, huvimba na kuziba mpasuo. Kisha punguza mabega, yaani kingo za mkato, pande zote mbili mpaka ulimi, ile sehemu nyembamba ya kuandikia, ubaki na upana unaoutaka: milimita 2 kwa barua, 4 au 5 kwa vichwa vya habari. Ganda la nje usiliguse. Ndilo gumu, na ndilo litakalotembea juu ya karatasi.

Sasa mpasuo. Pasha sindano moto, toboa tundu dogo katikati ya ulimi, milimita 12 kutoka nchani. Bila tundu hilo ufa unaweza kukimbia hadi penye vidole. Laza ulimi juu ya ubao, weka wembe katikati ya ncha, ukandamize taratibu mpaka usikie "tik". Usigonge.

Wino hukimbilia palipobana. Kwa hiyo mpasuo uwe mwembamba zaidi nchani kuliko kwenye tundu, na wino utashuka wenyewe. Ielekeze kalamu kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya nchani, pande mbili zimeachana: wino unabaki nyuma, haugusi karatasi, na ukikandamiza unaporomoka wote. Hiyo ndiyo kalamu yako. Loweka ncha kwenye maji ya moto dakika kumi, ifunge uzi pande hizo zikutane, iache ikauke usiku kucha. Ikikataa, kata ulimi wote uanze upya. Tete si dhahabu. Mpasuo uliobana mno ni kazi ndogo, pitisha wembe ndani yake mara moja.

Ncha yenyewe ikate mwisho kabisa, juu ya kipande cha mfupa au pembe. Juu ya ubao laini ncha huzama na kuchanika. Kandamizo moja tu. Ukirudia, unaacha nyuzi, na nyuzi ndizo zinazokwaruza. Kwa herufi zetu za kawaida kata mraba, kwa hati ya Kiarabu kata mshazari. Msasa laini, namba 600 au zaidi, upitishe mara mbili kwenye kona za ncha. Zaidi ya hapo unaharibu.

Wino wa masizi ya kibatari unatosha. Loweka gundi ya mgunga, kijiko kimoja kwa vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, ilale usiku mzima, uichuje. Masizi yakitiwa majini yanaelea tu, kwa hiyo yasage kwanza na gundi mpaka yawe uji mzito, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Chora mstari, ukauke, usugue kwa kidole. Ukiacha weusi kidoleni, gundi haitoshi. Ukimetameta na kupasukapasuka, gundi imezidi. Ndani ya kidau cha wino weka fundo la nyuzi za hariri, kalamu iguse nyuzi badala ya kuzama.

Zile ncha za chuma za dukani hupakwa mafuta zisishike kutu. Ndiyo maana mpya hukataa wino: unajikusanya vitone vitone badala ya kutandaa. Zioshe kwa sabuni, uzifute. Na mkono uliotoka kwenye mawese usiishike kalamu yoyote, ya chuma wala ya tete.

Daftari likisambaza wino, pika wanga wa muhogo kijiko cha chai kwa kikombe cha maji mpaka uwe kama kioo, upake karatasi kwa brashi, ikauke, uikandamize chini ya vitabu.

Kila ukimaliza, suuza kalamu uilaze. Usiiache imesimama kidauni.

Matete nimeyafunga kwa gazeti. Moja lina ufa karibu na fundo. Jifunzie mpasuo kwa hilo kwanza.

Mama yako