Mume wangu katulaza bandarini, kwa mama ni hapo juu tu

Assalaam aleikum Shangazi,

Alfajiri hii sijapata hata lepe la usingizi. Mume wangu kalala fofofo chumbani, na mama yangu hapokei simu zangu. Akipigiwa na mdogo wangu anapokea, nikipiga mimi inaita mpaka inakatika.

Unaijua Mkoani, kule Pemba, Shangazi. Ukitoka getini bandarini unapanda mlima tu. Kwetu ni huko juu, ukikaa barazani unaiona meli inavyofunga gati. Basi hapo chini ndipo mume wangu alipotulaza ndani ya gari, mimi na wanangu, kama watu wasio na kwao.

Gari yenyewe ni Coaster kuukuu. Yeye na ndugu yake waling'oa viti, wakatia vitanda, jiko la gesi na tangi la maji, wanataka waikodishe kwa watalii. Wakasema kwanza tuijaribu wenyewe, twende Pemba. Sikatai, gari nzuri. Watoto wanaipenda, na mimi kule Vumawimbi nilipika chai bahari iko mbele ya mlango, nikafurahi. Usinione mke wa kulalamikia kila kitu.

Tuliposhuka Mkoani asubuhi alisema mama tutampitia tukirudi, tuwahi msitu wa Ngezi jua halijawa kali. Nikanyamaza. Tukashika njia ya Chake, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila tunapopita, watoto wanashangilia, roho yangu mimi imebaki nyuma.

Wete tukalala kwa dada yake. Ndani, Shangazi, kitandani, na chandarua juu. Gari ikawekwa uani, haina mtu. Huko haikuwa nyumba. Tumerudi Mkoani, meli haiondoki mpaka asubuhi, ndipo gari ikageuka nyumba! "Tunayo nyumba yetu hapa, tumsumbue mama usiku wa nini?" Kumsumbua! Mama katandika vitanda, kafukiza udi, kanunua na pweza, anatungoja sisi.

Anasema njia ya kwetu nyembamba, Coaster haipandi. Kweli haipandi, lakini miguu inapanda. Anasema akiondoka kwenye foleni ya magari atapitwa. Kaka yangu ni mchukuzi hapo hapo bandarini, angeilinda gari usiku kucha kwa moyo safi. Nilimwambia hilo. Akajibu hataki kumtia mtu kazi. Na dada yake aliyetupikia siku zote zile, hakutiwa kazi?

Na usiniulize kwa nini sikupanda mwenyewe na watoto. Mdogo alikuwa na homa. Halafu kwetu mwanamke hendi kwa wazee wake usiku na watoto bila mume ila ana jambo. Mtaa mzima ungesema nimeachwa. Na mama angeniuliza mume wako yuko wapi, ningemjibu nini? Kalala hapo chini?

Asubuhi mama alipata habari kwa wachuuzi wa samaki dikoni. Akashuka mlima na magoti yake yale mabovu, kachukua kikapu, mkate wa kumimina na pweza wa nazi. Akagonga mlango wa gari. Mwanangu akafungua, akamwambia, "Bibi, karibu kwetu." Hakuingia. Akampa mume wangu kikapu, akamsalimia vizuri, akamuuliza hali ya dada yake wa Wete. Kumbe tulikolala alishajua. Mimi hakuniambia neno, na tangu hapo ndiyo simu hapokei.

Ndugu zangu wanasema mume wangu bado ana kinyongo, kwa kuwa wakati wa posa wazee wetu walimzungusha sana. Yeye anakataa, anasema anamheshimu mama. Heshima gani hiyo ya kupita mlangoni mara mbili?

Sasa skuli zinakaribia kufungwa na anataka twende tena, safari hii tumchukue na mama yake. Nimesema sipandi tena gari ile. Halafu nawaza, nisipopanda nitafika lini Mkoani? Nauli ya kwenda peke yangu ninayo, nimeificha, lakini nikitokea bila yeye watazidi kunena. Nataka aende yeye akamuombe radhi mama. Akienda kwa kulazimishwa, mama atamjua tu, basi afadhali asiende.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mama anadhani mimi ndiye niliyemkimbia, kwamba nimepata gari na kwetu sikutaki tena. Nimwambie kwamba nilimbembeleza mume wangu tupande akakataa? Nikisema hivyo nimemvua nguo mume wangu mbele ya wakwe zake. Nikimsitiri, namkosa mama. Nimsitiri mpaka lini, Shangazi? Nijibu upesi, tiketi za meli anataka kuzikata wiki hii.

Mtoto wa Mkoani,
Unguja