Kani ni ileile, mchapuko tofauti

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimefurahi kwamba hukuridhika kukariri. Unauliza: ikiwa lori na pikipiki vikigongana husukumana kwa kani sawa, mbona lori hubonyea bampa tu na pikipiki husagika?

Mwalimu wako yuko sahihi. Newton alilichapisha hilo mwaka 1687: ukisukuma kitu, nacho hukusukuma kwa kani ileile, kuelekea upande wa pili. Lakini kani sawa haileti matokeo sawa. Mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, ni kani ukiigawa kwa tungamo, yaani wingi wa kitu kwa kilo.

Shika kalamu. Lori la kilo 9,800 linakwenda mita 20 kwa sekunde. Pikipiki pamoja na mwendeshaji, kilo 200, inalijia uso kwa uso kwa kasi hiyohiyo. Tuseme vinagongana na kunasana. Zidisha tungamo la kila kimoja kwa kasi yake, toa ya pikipiki kwenye ya lori kwa kuwa vinakabiliana, kisha gawa kwa kilo 10,000. Vyote viwili vitakwenda mita 19.2 kwa sekunde, kule kule lilikokuwa linaelekea lori. Lori limepoteza 0.8 tu. Pikipiki imesimamishwa, ikarudishwa kinyumenyume: badiliko la 39.2!

Mgongano ukichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, gawa kila badiliko la kasi kwa muda huo: mchapuko wa lori ni 8 na wa pikipiki ni 392, mara 40 ya ule wa kitu kinachoanguka. Sasa zidisha kila mchapuko kwa tungamo lake. Utapata kani ya niutoni 78,400 kwa lori, na 78,400 kwa pikipiki. Napenda sana namba hizi zinapokutana.

Hesabu yetu imemfanya mwendeshaji kuwa kitu kimoja na pikipiki. Kwa kweli hakufungwa nayo; yeye huendelea mbele kwa kasi ileile ya mita 20 kwa sekunde hadi kitu kimzuie. Ndiyo maana nakusihi usipande bodaboda bila helmeti. Povu lake gumu hubonyea, kichwa kikapata muda zaidi wa kusimama. Muda ukiwa mara mbili, mchapuko wa wastani hushuka nusu.

Sasa ondoa lori, weka bajaji yenye abiria, kilo 600, kasi zilezile na muda uleule. Nitumie mchapuko wa kila kimoja, pamoja na kani.

Baba yako