Mama wangu, ile barua ya ziwa usiiweke kwanza kwenye kazi ya darasa

Mwanangu,

Hapa Goma tuko salama, bibi yako anakusalimu sana. Nimesoma ile nyuzileta, ile barua ya habari watu wanapata kwenye imeli, uliyonitumia jana, ya kusema ziwa Kivu litalipuka siku lava itagusa maji, na unasema unataka kuiweka kwenye kazi yako. Tafadhali ngoja kwanza mama. Imeandikwa vizuri, picha ziko, mtu anajiita mtafiti, lakini nyuzileta mtu yeyote anaweza kuianzisha leo jioni na telefone yake tu, hakuna mhariri wa kumuuliza hii umeitoa wapi, halafu huyu anaishi kwa abonema, pesa wasomaji wanalipa ili kupata barua zake, na watu wakiogopa wanalipa haraka.

Angalia vile anafanya. Anaanza na ziwa Nyos la Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gesi ilitoka usiku ikaua watu karibu 1,700. Hiyo ni kweli kabisa. Kisha juu ya hiyo kweli anapakia ya kwake, eti Kivu inangoja lava tu. Mwaka 2002 lava ya volkano yetu Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu ikaingia ziwani, nilikuwa hapa, mvuke niliuona na macho yangu, na gesi ya chini haikulipuka. Mtu amechunguza hili ziwa anakosaje kuandika hiyo? Gesi iko, methane kama kilometa za ujazo 60 na kaboni dioksidi kama 300, imelala kule chini kabisa maji yakiikandamiza, hatari iko, wataalamu wanaifuatilia. Tena anasema mazuku inatoka ziwani! Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi, inatoka kwenye udongo inajaa mahali pa chini, njo inatuulia mbuzi, mtoto wa Goma anajua.

Basi usikae ndani ya ile barua ukiirudia. Toka nje yake, chukua jina la mwandishi utafute wengine wanasema nini juu yake, linganisha na kile OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, wanatoa, maana hao njo wanapima mlima kila siku. Akiandika "uchunguzi umeonyesha", bonyeza. Mimi nilibonyeza, linki ikanirudisha kwenye barua yake ingine ya zamani, hakuna uchunguzi wowote. Ziko nyuzileta nzuri, mwandishi anaonyesha alikotoa, anaweka tarehe, akikosea anasahihisha wazi, hizo tumia bila woga.

Unakumbuka ule usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena? Ulikuwa unanishika mkono tukienda na watu wote barabara ya Sake. Njiani nikatumiwa picha, lava imejaa mjini, nikaamini mtaa wa bibi yako umekwisha na sikurudi kumchukua. Nililia mpaka asubuhi na sikukuambia sababu. Lava ilikuwa imesimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na ile picha ilikuwa ya 2002. Bibi alikuwa amekaa kwake na kitenge chake begani anatungoja, usiku mzima peke yake. Nilikuwa na telefone mkononi, sikuuliza hata swali moja, picha ya lini, nani ameipiga. Bado inaniuma.

Kesho asubuhi nakutumia mega za internet. Ukimpata huyo mwandishi mahali pengine niandikie, hata kama ni usiku.

Papa yako