Kabla ndege za waokoaji hazijatua

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu vikosi vya kimataifa vya uokoaji wakati wa tetemeko imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ameieleza vizuri INSARAG, mtandao wa Umoja wa Mataifa wa kuratibu vikosi vya uokoaji ulioanzishwa mwaka 1991, na vikosi vyake vinavyopangwa kwa uwezo wao: vyepesi, vya kati na vizito. Kisha akamaliza kana kwamba kazi yetu watu wa Mwanza ni kukaa kitako tukiwasubiri uwanja wa ndege.

Aliyefukiwa na zege hasubiri ndege. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lililobomoa nyumba Kagera, nasi huku likatutikisa, waliokuwa karibu na vifusi ni majirani. Ndivyo ilivyo popote duniani.

Mwaka jana ukuta wa ghorofa lililokuwa likijengwa mtaani kwetu uliwaangukia vibarua. Tulijaa pale hadi pa kukanyaga hapakuwepo. Watu walipanda juu ya kifusi kile kile ambacho chini yake kijana alikuwa analia, wengine wakipiga picha, bodaboda wakipiga honi wapate njia, na greda likaletwa likaanza kuchota kabla hatujajua wako wangapi chini. Fundi mmoja alilala kifudifudi, sikio kwenye tofali, anapunga mkono tunyamaze. Nani alimjali? Na katika taratibu hizo hizo za kimataifa mlizoziandika, mlio mmoja mrefu wa honi au filimbi wa sekunde 3 maana yake simamisheni kazi, kimya. Mitatu mifupi, tokeni haraka. Mmoja mrefu na mmoja mfupi, endeleeni. Mtoto wa darasa la tatu anayashika hayo kwa asubuhi moja! Kijana alitoka hai, lakini mguu umepondeka, na mimi naamini ulipondwa na greda.

Tena tunaoishi hapa ndio tuliotakiwa kujua zaidi. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria karibu na Mwanza, watu walikuwa hai ndani wakigonga chuma. Meli ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama nao. Na bado leo ukipanda kivuko unakuta maboya yamefungwa kwa kamba juu kwenye dari ambako mtoto hafiki, na ukiuliza mhudumu anakujibu ukae, safari ni fupi. Hilo nalo liandikeni.

Ninachoomba ni hiki. Kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na filimbi, jeki ya lori, mitaimbo, mbao za kuegemezea kuta, na kopo la rangi ya kupuliza ya kuandika ukutani nyumba ipi imeshapekuliwa na lini. Mazoezi yafanyike Jumamosi ya usafi, watu wakiwa tayari nje na makoleo. Na ijulikane mapema nani atakaa uwanja wa ndege kuwaandikisha wageni na kuwapangia mitaa, maana vikosi hivyo vikitua huripoti kwanza kituo cha mapokezi, na kituo hicho kisipokuwepo hufunguliwa na kikosi cha kwanza kutua, kwa kushirikiana na mwenyeji. Vifaa na mazoezi hayo yaanzie Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimebanana mlimani chini ya mawe na gari la zimamoto haliwezi kupita.

Mkazi wa Mabatini, Mwanza