Mwache shujaa wako awe kuruta tena

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi. Sura zote ulizonitumia za riwaya yako, ya askari asiyezeeka wala kufa anayepigana karne baada ya karne, nimezisoma, na ile ya vita vya Hastings, Wanormani walipoivamia Uingereza, nimeirudia. Pale shujaa wako anapobanwa katika ukuta wa ngao, mkono haunyanyuki vizuri, na kinachomlinda ubavu ni ngao ya jirani wala si ustadi wake, niliamini kabisa kwamba mtu huyu yuko mwaka 1066. Umeonyesha vizuri pia wenzake walivyovunja safu wakawafukuza Wanormani waliokuwa wakikimbia, na jinsi walivyozingirwa wakauawa huko chini ya kilima.

Lakini kuanzia hapo unampa ujuzi unaoongezeka karne baada ya karne, hata akifika Waterloo, vita vya mwisho vya Napoleon mwaka 1815, hakuna wa kumgusa. Mimi naona kinyume chake. Mtu aliyekaa vitani miaka mingi kiasi hicho angelazimika kuwa kuruta tena na tena, na kila mara mazoea yake ya zamani ndiyo yangemponza.

Chukua vita vya Agincourt, Waingereza dhidi ya Wafaransa, 1415. Umemfanya mpiga mishale wa jeshi la Uingereza, na hapo nakubaliana nawe. Upinde ule mrefu haukujifunzwa ukubwani. Watu walianza wakiwa watoto, na mwili wenyewe ukabadilika. Katika mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, kuna mifupa ya mabega yenye alama ambazo wataalamu wamezihusisha na kuvuta pinde nzito kwa miaka mingi. Mpe shujaa wako bega hilo. Alitegemee, alijivunie. Kisha yaje magobori, ambayo kijana wa shamba anaweza kufundishwa kwa muda mfupi tu, na bega lile lisimfae kitu tena. Hapo ndipo ningemwonea huruma, kuliko anapochomwa mkuki na kupona kesho yake.

Umeiruka Constantinople, mji unaoitwa Istanbul leo, nami nakuomba uirudie. Kuta za upande wa nchi kavu zilijengwa enzi za Theodosius II, karne ya 5, zikastahimili mashambulizi kwa karibu miaka elfu moja. Tuseme amewahi kuzilinda zamani, akaona majeshi yakija na kuondoka. Mwaka 1453 yuko juu yake tena, na vijana wanamuuliza kama zitahimili mizinga ya Mehmed II, sultani wa Waosmani. Anawajibu kwa moyo mweupe kwamba zitahimili, kwa kuwa ameona. Wanamwamini, wanabaki, na mji unatekwa. Niambie, ni adui gani angeweza kumuumiza kama jibu lake hilo?

Waterloo futa lile pambano la panga na ofisa wa Kifaransa. Mweke ndani ya mraba wa askari wa miguu, singe zimeelekezwa nje, wapandafarasi wanazunguka bila kupata pa kupenyea. Kazi yake pale ni kusimama tu. Jirani akianguka, safu inasogea na pengo linazibwa. Damu yake yote inamwambia atoke akapigane, naye akitoka anawaua wenzake. Hastings alishaliona hilo, kwa hiyo hapa ujuzi wake umsaidie mara moja, hata mimi nitafurahi.

Magonjwa pia yawepo. Kwa sehemu kubwa ya historia yaliua askari wengi kuliko silaha, na jeshi la Napoleon lililoingia Urusi mwaka 1812 liliteketea kwa homa ya chawa, njaa na baridi. Kurasa chache zinatosha.

Nguvu zako ziweke Somme, kule Ufaransa, katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 1 Julai 1916 jeshi la Uingereza lilipoteza watu wapatao 57,000 kwa siku moja, na zaidi ya 19,000 kati yao walikufa. Wengi waliangushwa na bombomu bila kumwona aliyewapiga. Shujaa wako hazeeki, kwa hiyo baada ya kila vita lazima apotee kabla watu hawajamshtukia. Basi apotee hapo. Leo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Thiepval, hapo hapo Somme, yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, na lake liwe mojawapo. Mwili ukipatikana, ukatambuliwa na kuzikwa, jina huondolewa pale. Lake haliwezi kuondolewa. Aende akasimame mbele yake, alisome pamoja na ya vijana aliokula nao kwenye handaki, ambao wao kweli walikufa. Nimewaza sana atafanya nini pale, na nadhani atayasoma majina yao kwa sauti na kuliruka lake.

Jambo moja bado linanisumbua: kwa nini kila karne anajikuta upande wenye haki? Falme alizoziapia zimekufa, na nyingine hazikustahili kiapo chake. Mpe angalau vita moja anayoijutia, na asipate wa kumwomba msamaha kwa sababu wote wameshakufa.

Sura ya Somme nitumie hata ikiwa nusu. Nataka kuisoma kabla hujaanza kuisafisha.

Wako daima,
Rafiki yako