Shehena za nchi jirani zipakiliwe Kwala, si Kurasini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nizungumzie njia ambayo kontena hupita baada ya kushushwa melini katika Bandari ya Dar es Salaam, jambo linalotugusa kila siku sisi tunaoishi kati ya Kurasini na Buguruni.

Gatini kazi kubwa imefanyika, na waliofanya wanastahili pongezi. Gati namba 1 hadi 7 zimeongezwa kina hadi mita 14.5, gati ya kushushia magari imejengwa Gerezani, na tangu mwaka 2024 gati za makontena, namba 8 hadi 11, zina mwendeshaji mpya. Hata hivyo, kadiri meli inavyopakuliwa haraka ndivyo malori yanavyotoka getini kwa wingi, na mengi huelekea kulekule Barabara ya Mandela. Madaraja ya juu ya TAZARA na Ubungo yamerahisisha kuvuka makutano, lakini hayakupunguza hata lori moja. Anayepita Kurasini alfajiri huona semitrela zimepangana ukingoni, utingo wakichemsha chai chini ya trela, na wanafunzi wakipenya katikati yake kuwahi shule.

Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, yaani kituo cha bara cha kupokelea na kutolea mizigo ya bandarini, ilizinduliwa Julai 2025 ili kutupunguzia mzigo huo. Lori linalotoka Lubumbashi au Kigali kwa Barabara ya Morogoro hufika Vigwaza kabla ya Kibaha, na kutoka hapo kuna barabara ya zege hadi Kwala. Kwa nini basi liendelee hadi katikati ya jiji kufuata mzigo ambao treni ingeweza kuusogeza? Kwa maoni yangu, shehena ya Kongo, Rwanda na Burundi itoke gatini kwa reli kama utaratibu wa kawaida, na anayetaka kuichukua Kurasini ndiye aombe kibali.

Najua hofu ya wenye mizigo: kulipia treni, kisha kulipia lori, na katikati yake kontena likwame huku tozo za kuhifadhi zikipanda. Hofu hiyo ina msingi. Itaondoka iwapo gharama ya kufika Kwala itajumuishwa katika ankara moja inayofahamika kabla meli haijatia nanga, na iwapo maofisa wa forodha watakuwapo Kwala usiku na mchana.

Shehena ya Zambia ina njia yake. Reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067 sawa na reli za Zambia, inaanzia hapa Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, hivyo behewa linaweza kuvuka mpaka bila mzigo kuhamishwa. Ukarabati wake ufanywe ukizingatia kontena, si shaba peke yake.

Limebaki suala la kontena tupu, ambalo husahaulika sana. Lori likishashusha mzigo Lubumbashi, hutakiwa kurudisha kontena kwa kampuni ya meli, na yadi ya kupokelea ikiwa mjini, lori hilo huingia tena Mandela likiwa limebeba hewa. Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ihakikishe kila kampuni ya meli inapokea kontena tupu za nchi jirani Kwala, bila kumtoza mteja nyongeza yoyote.

Msomaji wako,
Kurasini, Dar es Salaam