Barua kwa mwanangu: sala ya Harriet na ufagio

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma, unasema umechoka kusali maana kila siku unaomba na mambo yako yako palepale. Sikuhubirii, mahubiri unayapata kanisani. Nataka tu nikupigie stori ya Harriet Tubman, yule mama aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, miaka ya 1820, maana nyie wa siku hizi mnajua picha yake tu.

Hakujua kusoma. Akiwa binti mdogo msimamizi mmoja alirusha jiwe la mizani dukani akimlenga mtumwa mwingine, likampata Harriet kichwani, tangu siku hiyo akawa anapitiwa na usingizi ghafla hata katikati ya maongezi, mpaka uzeeni. Na bado akawa mtu wa sala, tena sala zake ndo ninazozipenda: akinawa uso anamwambia Mungu nioshe, akishika ufagio anamwambia nifagilie moyo wangu. Hakungoja apate muda wa kutulia, mtumwa atatulia saa ngapi?

Alimwombea sana bwana wake, Edward Brodess, abadilike moyo. Aliposikia yeye na kaka zake watauzwa mbali huko kusini akageuza maombi, ee Bwana, kama huyu habadiliki basi muue. Brodess akafa kweli, mwaka 1849, na Harriet akajuta, akasema angetoa dunia nzima huyo mtu arudi. Mimi napenda kwamba hakumficha Mungu kitu, si hasira wala majuto. Wewe unasali kwa adabu mno, kama unaandika barua ya kazi.

Halafu kifo chenyewe hakikusaidia, maana hatari ya kuuzwa ilizidi. Ndo akatoroka mwaka huohuo mpaka Philadelphia, mji wa kaskazini usio na utumwa. Aliporudi Maryland kumchukua mumewe, John, akakuta ameshachukua mwanamke mwingine na hataki kwenda naye! Kaumia, kalia, lakini safari hakuiacha, akachukua watu wengine akaondoka nao. Alirudi huko kama mara 13 hivi, akatoa utumwani watu wapatao 70.

Ila inayonishika mimi kama mzazi ni ya Krismasi ya 1854. Alikuja kuwachukua kaka zake, wakajificha karibu na nyumba ya wazazi. Mama yao, bibi Rit, kaandaa chakula anawangojea wanawe, na wao wanamchungulia kupitia nyufa bila kumwambia, maana angelia kwa sauti wote wakamatwe. Baba yao, mzee Ben, akawaletea chakula, na walipoondoka akajifunga kitambaa machoni akawasindikiza hivyohivyo, ili akiulizwa aseme hajawaona wanawe. Na kweli alipoulizwa hakudanganya. Hebu fikiria huyo mzee, kapapasa gizani ameshikwa mkono na wanawe, anawaaga bila kuwaona sura. Baadaye Harriet akarudi akawatoa na wao pia.

Basi mwanangu, kulia lia, kumnung'unikia Mungu mnung'unikie, hachoki. Baba yako anakusalimia, anasema hela ya nauli ametuma jana, angalia simu. Na ile fomu ya chuo umeshaijaza au bado unaiombea?

Mama yako